Masaa Sita Mpaka Mumbai

Siku ya tatu baada ya kumzika Shangazi Mwajuma kule Sindeni, wageni wa mbali walipokuwa wanaanza kufunga mizigo, mjukuu wake Salma aliniuliza kama ni kweli bibi yake aliwahi kufika India. Nikamwambia ni kweli, tulikwenda wawili, mimi na yeye, mwaka ambao mimi nilikuwa mgonjwa. "Ni mbali?" akauliza, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaiandikia simu yake, na simu ikawa imeshamjibu. "Dar es Salaam mpaka Mumbai, karibu kilomita elfu nne na mia saba. Ndege ya moja kwa moja, masaa matano na dakika hamsini." Akaniangalia kama mtu aliyetegemea hadithi kubwa akapewa ndogo. "Kumbe karibu tu, mama. Ni kama kutoka hapa kwenda Dar ukikutana na foleni." Wanawake waliokuwa wanachagua mchele kwenye mkeka wakacheka, nami nikatabasamu kwa adabu, kwa kuwa mtoto hakukosea hata kidogo. Lakini moyo, huu huu ulioshonwa kule, ulinipiga mara mbili tatu kwa nguvu. Masaa hayo matano na dakika hamsini niliyaogopa miezi minne mizima. Niliyaogopa nikiwa nakula, nikiwa naoga, nikiwa naitikia salamu za watu. Sijawahi kuogopa kitu namna ile tena, hata nilipokuwa najifungua, hata wiki hii nilipoingia chumbani na kumkuta Shangazi amenyamaza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nalala nimekaa. Nilikuwa na mito mitatu mgongoni, na wa nne, uliojazwa sufi, niliukumbatia kifuani. Nikiteleza nikalala chali maji yalikuwa yanapanda kifuani na pumzi inakatika. Mlango mmoja wa moyo wangu ulikuwa umekaza, ndivyo walivyotueleza, kwa sababu ya homa ya viungo niliyougua nikiwa mdogo. Tulikaa Manundu, hapo Korogwe mjini, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, na ukuta uliotenganisha vyumba haukufika juu, kwa hiyo maneno yalivuka kama moshi. Dirisha langu lilitazama uani, mahali wapangaji walipofulia. Shangazi alikuwa anauza vitenge sokoni, na ingawa soko lilikuwa hatua chache tu, mimi kulifikia nilipumzika mara tatu: kwenye kona ya mashine ya kusaga, kwenye kibaraza cha fundi viatu, na kwenye jiwe fulani ambalo hata leo nikipita nalijua. Chakula changu kilipikwa kwenye sufuria ndogo ya peke yake, bila chumvi. Bada la muhogo na mchicha, au ndizi na maharage, vyote vimepooza. Shangazi naye alikuwa anakula humo humo. Nilipomwambia ajipikie chakula cha mtu mzima alisema chumvi inamwasha ulimi. Mtu wa Handeni, aliyekua akila samaki wakavu, chumvi imwashe ulimi!

Jina langu lilikuwa limepita kwenye orodha ya wagonjwa wa kupelekwa India. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule tukaitwa Dar kwenye hospitali kubwa ili daktari wa moyo anipime kwa mara ya mwisho. Aliponipima akaniambia nikasubiri nje kwenye benchi, akabaki na Shangazi. Kati ya benchi na chumba kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu, na daktari alikuwa na sauti nene ambayo hakujua namna ya kuipunguza.

"Mama, nisikufiche," nilimsikia. "Bila upasuaji mwaka huu hautaisha naye."

Shangazi akasema jambo ambalo sikulisikia.

"Ndege ndiyo inayonipa wasiwasi. Hewa ya kule juu ni haba, na kukaa muda mrefu kunajaza maji. Ya moja kwa moja, masaa sita, nadhani atavumilia. Zaidi ya hapo mimi siweki sahihi yangu."

Alipotoka Shangazi alikuwa anatabasamu. "Daktari amesema uko vizuri," akaniambia, akanishika mkono tukaondoka. Sikumwambia kwamba nimesikia. Nadhani ndipo nilipoanza tabia ile ya kumficha, nikidhani namlinda.

Tuliporudi Korogwe jambo la kwanza nililofanya nilikwenda kwa Mwalimu Elia, mtu wa Lushoto aliyenifundisha jiografia. Nilimkuta ofisini na lile tufe lake la dunia lililopasuka upande wa bahari ya Pasifiki. Nikamwamkia, nikamuuliza Mumbai ni umbali gani. Hakuniuliza kwa nini, nadhani alijua, Korogwe ni ndogo. Alichukua uzi wa kushonea, akaubana kwa ukucha pale ilipo Dar es Salaam, akaunyoosha juu ya bahari hadi India, kisha akaulinganisha na rula akaandika hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani. "Kilomita elfu nne na mia saba, weka hapo," akasema. "Ndege kubwa inakwenda zaidi ya kilomita mia nane kwa saa. Ukiongeza muda wa kupaa na wa kutua, masaa sita, au pungufu kidogo." Niliiomba ile karatasi. Niliikunja nikaiweka ndani ya mto wa sufi, na kwa wiki kadhaa ndiyo iliyonipa usingizi. Sita aliyosema mwalimu ilikuwa sita ile ile ya daktari. Mwili wangu ulihitajika kuvumilia masaa sita, basi, na mimi nilijiambia kwamba hata kwa meno nitayavumilia.

Hofu hata hivyo haikuondoka, ilijikunja tu. Dirishani kila asubuhi nilikuwa nawasikia wanawake wakifua. Mama Anna, mpangaji mwenzetu, alikuwa mwema kuliko wote na mwenye maneno ya kutisha kuliko wote. "Mimi nasikia kule juu hata mtu mzima masikio yanaziba," alisema siku moja, akidhani nimelala. "Sasa mwenye moyo mbovu si utampasukia?" Mwingine akamkataza, wakashusha sauti, na kushusha sauti kwao ndiko kulikonitisha zaidi. Nikawa nimekaa na mito yangu nikisikiliza moyo. Ulikuwa na mlio wake, kama mtu anayefuta ubao kwa kitambaa kikavu, na nilikuwa najaribu kusikia kama unabadilika.

Tiketi zililetwa na kondakta wa basi la kutoka Dar, ndani ya bahasha ya kaki, wiki moja kabla ya safari. Shangazi alikuwa sokoni. Niliifungua kwa makini, nikaipata siku, nikalipata jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, nikayapata masaa. Kuondoka Dar es Salaam, saa nne na robo asubuhi. Kufika Mumbai, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano jioni. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kwa penseli. Masaa manane na dakika ishirini. Niliutoa mkunjo wa Mwalimu Elia kwenye mto nikauweka kando ya tiketi, nikatazama kimoja na kingine. Mwalimu alikuwa na uzi na rula tu, nikawaza, wenye ndege ndio wanaojua. Nilitaka nikamuulize, lakini shule zilikuwa zimefungwa na yeye alikuwa ameshapanda kwao Lushoto.

Nakumbuka nilivyokaa pale kitandani, mikono imekuwa ya baridi saa saba ya mchana, joto la Korogwe likiwa linalia kwenye bati. Nikimwambia Shangazi, atamwambia daktari. Daktari hataweka sahihi. Na bila upasuaji mwaka hautaisha nami, nilisikia kwa masikio yangu. Nikinyamaza, nitafia angani, juu ya maji, baada ya saa ya sita. Nilikuwa na umri wa kuchagua kitambaa cha nguo, nikajikuta nachagua hilo. Shangazi aliporudi nilimpa bahasha nikasema, "Tiketi zimefika." Aliipokea, akaiangalia nje na ndani. Shule yake iliishia darasa la pili na alisoma herufi polepole. "Safari ndefu?" akauliza.

"Sita tu," nikasema. "Kama alivyosema mwalimu."

"Alhamdulillahi," akasema, akaitia ile bahasha kifuani na kwenda kuwasha jiko.

Tulikwenda Dar kwa basi siku moja kabla. Nililigeuza basi lile kuwa mtihani, kwa kuwa nalo lilitumia masaa sita kwa namna lilivyosimama kila mahali. Nikasema nikiyavumilia haya, nitajua nina akiba kiasi gani. Mpaka Segera nilikuwa salama. Mkata, wachuuzi walipokuja dirishani na mihogo ya kuchemsha, nilikuwa bado naweza kucheka na mtu. Baada ya Chalinze viatu vikawa vinabana, na kucha zangu zilikuwa na rangi ya zambarau. Niliingiza mikono chini ya khanga ili Shangazi asizione. Saa ya sita tulipoingia Dar sikuweza kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi katikati. Hilo lilikuwa basi, chini, kwenye hewa ya Mungu iliyojaa tele. Nikawaza yale mawili na dakika ishirini yaliyobaki, nikayaogopa kama mtu anayeogopa mnyama aliyekwisha kumwona.

Ndani ya ndege nilikaa dirishani, Shangazi katikati, na mwisho wa safu mzee mmoja wa Kihindi mwenye kofia ya sufu. Nilikuwa nimevaa saa ya mkononi na sikuyatoa macho kwake. Saa ya kwanza ilipita nikisikiliza kifua. Ya pili wakaleta chakula, wali wenye harufu ya iliki, na nikala vijiko viwili. Shangazi hakugusa cha kwake. Kila baada ya muda aliniuliza, "Zaina, uko macho?" na mimi nikamjibu niko macho, na akageuka upande wa pili akichezesha midomo. Saa ya nne vidole vilianza kubadilika rangi. Ya tano nikawa navuta pumzi kwa mabega. Nje kulikuwa na mwanga mweupe mtupu, hakuna juu wala chini. Nilijiambia: umebakiza moja ya daktari, halafu mbili na dakika ishirini za Mwenyezi Mungu. Nilifikiria watanipeleka wapi nikifa pale. Kama wana mahali pa kuniweka. Kama Shangazi ataachwa akae na mimi kwenye kiti hadi wafike, akinishika asije mtu akajua.

Ilikuwa masaa matano na dakika ishirini tangu tupae pale sauti ya injini ilipobadilika. Ilishuka, kama mtu aliyekata tamaa katikati ya wimbo. Pua ya ndege ikainama. Masikio yakaziba, tumbo likanyanyuka, na chini, kupitia mawingu, nikaiona bahari, kijivu, ikija. Kwa hesabu yangu yalikuwa yamebaki masaa matatu. Ndege ambayo imebakiza masaa matatu haina sababu ya kuinama. Nikajua tunaanguka. Nilitafuta mkono wa Shangazi, na nilipoupata ulikuwa wa baridi kuliko wangu, na alikuwa anasoma shahada kwa sauti, amefumba macho, machozi yanamtiririka. Nami nikaanza kuisoma. Tulikuwa tunaisoma pamoja, tumeshikana, tunalia, wakati watu wengine wote wakifunga mikanda na kutafuta viatu vyao chini ya viti.

Yule mzee akageuka. "Bibi, kuna nini?" akauliza kwa Kiswahili cha Tanga kabisa. "Mbona mnalia?"

"Tunaanguka," Shangazi akasema, bila kufumbua macho.

"Tunatua, bibi. Ile pale ni Bombei."

"Bado masaa matatu, baba!" nikasema mimi. "Tiketi inasema saa kumi na mbili na nusu!"

Mzee alinitazama, akatazama saa yangu, kisha uso wake ukalegea akaelewa. "Binti, saa hiyo ni ya kwetu. Tiketi imeandika saa ya India. Wenzetu wanalipata jua mapema, wametutangulia masaa mawili na nusu. Isogeze mbele, utaona." Akanikunjulia mkono, akanizungushia saa yangu yeye mwenyewe, polepole, mpaka mishale ikafika saa kumi na mbili na nusu kasoro. Magurudumu yakagonga ardhi. Nilikuwa hai, ilikuwa masaa matano na dakika hamsini, na kucha zangu zilikuwa zambarau lakini zilikuwa zangu.

Ndege ikasimama, Shangazi akafungua mkanda wake. Halafu akasema, "Mimi nilihesabu manane na ushei."

Nikamgeukia.

"Karani wa stesheni pale Korogwe alinisomea ile tiketi. Nilimpelekea siku ile ile."

"Na hukuniambia?"

"Na wewe mbona uliniambia sita?"

Mhudumu alikuja na kiti cha magurudumu, wakanitoa.

Tuliwekwa kwenye chumba cha hosteli karibu na hospitali pamoja na mama mmoja wa Singida na binti yake Rukia, aliyekuwa na miaka kumi na saba na ugonjwa kama wangu. Wao walitangulia kwa wiki mbili. Rukia alikuwa ameshajifunza kuagiza chai kwa Kihindi, na alinifundisha, na tulicheka mpaka wote wawili tukaishiwa pumzi na mama zetu wakatugombeza kwa pamoja. Siku ya tatu nilikuwa natafuta khanga kwenye begi la Shangazi, nikatia mkono mpaka chini, nikashika kitambaa kipya, kizito. Nilikivuta. Kilikuwa cheupe kitupu, kimekunjwa vizuri, na katikati ya mikunjo kulikuwa na pamba na kichupa cha marashi. Mtu yeyote wa kwetu anajua ni kitu gani.

Aliingia akanikuta nimekishika. Hakukinyakua. Aliketi kitandani, akaanza kuongea kwa Kizigua, lugha ambayo alikuwa anaitumia pale tu Kiswahili kilipokuwa hakitoshi. "Nilijua utapitiliza masaa ya daktari," akasema. "Nikasema likitokea, nisije nikaanza kuomba nguo kwa wageni."

"Ulijua nitakufa, na ukanipandisha?"

"Ungebaki Manundu ningekuzika kabla ya vuli. Huku kulikuwa na labda." Akakipokea kitambaa, akakikunja upya mapajani. "Nimekaa karibu na wewe kwenye ndege nikiwa na hiki miguuni, Zaina. Sijui kama kuna mtu amewahi kusafiri hivyo."

Wiki ile Rukia alipelekwa kwenye upasuaji, na hakuamka. Nilimwona mama yake akirudi chumbani amebeba ndala za mwanawe mkononi, amezishika kama mtu anayeogopa kuzichafua. Hakujua mtu, hakujua lugha, na alikuwa anauliza swali moja tu, wapi atapata nguo. Shangazi alifungua begi. Sikuambiwa kitu na sikuuliza. Walitoka wote wawili na Waislamu wa pale hospitali, wakarudi jioni na udongo kwenye pindo za nguo zao, na Shangazi akamlaza mama wa Singida kitandani kwake, yeye akakaa sakafuni.

Zamu yangu ilikuwa asubuhi ya pili yake. Ninapoandika haya sijui niseme nini juu ya asubuhi ile. Niliogopa mpaka nikawa sina mate. Nilimwambia Shangazi sitaki, turudi nyumbani, nitakufa kwetu. Yeye hakusema usiogope, jambo ambalo watu wote walikuwa wananiambia tangu Korogwe. Alisema, "Na mimi naogopa. Lakini nitakwenda nawe mpaka kwenye mlango ule." Tukaenda, yeye akiwa ameshika chuma cha kitanda changu, mimi nimeshika kidole chake, na mlangoni wakatuachanisha. Neno la mwisho nililolisikia kabla ya nusu kaputi lilikuwa jina langu, likitamkwa vibaya na daktari ambaye uso wake sikuuona.

Niliamka. Sina namna ya kulisimulia zaidi ya hivyo. Niliamka na kifua kinaniuma kama nimekanyagwa na ng'ombe, na ule mlio wa kufuta ubao haukuwepo. Baada ya wiki tano tukarudi, na safari ya kurudi nililala, nimeegemea nyuma, tangu kupaa mpaka kutua.

Tulifika Manundu kabla ya adhuhuri. Shangazi alifungua madirisha, akapiga ufagio mara mbili, akasema anajinyoosha kidogo tu. Alilala juu ya mkeka, hata viatu hakuvua. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Nilianza kuogopa, nikainama nikaweka sikio karibu na mdomo wake, na alikuwa anakoroma. Ndipo nilipoelewa kwamba tangu siku ile ya ukuta wa mbao kule Dar mwanamke huyu hakuwa amelala. Kila nilipokuwa nasinzia kwenye mito yangu, upande wa pili wa ukuta usiofika juu alikuwa macho, anahesabu pumzi zangu. Nikamvua viatu. Nikachukua ndoo nikaenda bombani, nikarudi nayo imejaa, bila kupumzika njiani, na nilipofika mlangoni nikamkuta Mama Anna na wenzake wawili wamekuja na vyakula vyao, wamefunika kwa kawa, wanachungulia ndani kwa woga na kunong'ona.

"Dada, habari, samahani," akasema mmoja wao, ambaye hakunitambua kwa ile ndoo. "Tumekuja kumwona mgonjwa. Anaendeleaje?"

Nikaiweka ndoo chini.

"Amepata usingizi," nikasema. "Tafadhali msimwamshe. Njooni kesho."